Jozi ya Kumi na Mbili

Saa tano kasoro dakika kumi, asubuhi ya Jumatano, mtaalamu wa vitabu vya kale alivaa glavu zake nyeupe, akasimama mbele ya kabati la kioo lililokuwa kichwani mwa kaburi la walii, akamwomba mfagizi amfungulie. Mfagizi alivua ufunguo alioutundika shingoni, akauzungusha, kabati likafunguka bila tabu. Mtaalamu akainua kitambaa cha kijani. Chini yake kulikuwa na marfaa, kile kibao cha kukunjua ambacho msahafu huwekwa juu yake. Msahafu wenyewe haukuwapo.

Ulikuwa msahafu ulioandikwa kwa mkono, una miaka mia mbili na ushee, na watu walitoka mbali kuja kuzuru kaburi na kuutazama kupitia kioo, ijapokuwa umefunikwa kitambaa. Mtaalamu alikuwa amekuja kuupiga picha ukurasa baada ya ukurasa, kazi ya siku mbili. Alibaki ameshika kitambaa mkononi, anamtazama mfagizi, na mfagizi anatazama marfaa.

Nje mlangoni alikaa mwanamke ambaye kila mtu alimwita Mama Viatu. Kazi yake ilikuwa kupokea viatu vya wanaoingia, kuvifuta mchanga, kuvipanga kwenye rafu na kumpa mwenyewe kibao chenye namba. Miaka kumi na miwili aliifanya kazi hiyo. Sura ya mtu angeweza kuisahau kabla ya jua kuchwa, lakini viatu, hapana. Aliposikia mtaalamu akiita watu kwa sauti ya juu, hakuuliza kumetokea nini. Aliuliza mdogo wake yuko wapi.

Mfagizi alikuwa mdogo wake, tumbo moja. Alikuwa ametoka jela mwaka mmoja na nusu uliopita, alikofungwa kwa kuiba dukani, na hakuna aliyetaka kumpa hata kazi ya kubeba takataka. Mama Viatu ndiye aliyekwenda mbele ya kamati ya ziara, wale wanaoendesha mahali pale pa kaburi, akasema mpeni ufagio, akifanya ujinga nifukuzeni mimi. Kamati ikakubali shingo upande. Sasa unaweza kuelewa kwa nini aliuliza hivyo, naye alikuwa hajaambiwa bado kilichoibwa.

Ziara ilikuwa juu ya mwamba, bahari nyuma, barabara mbele. Chumba cha kaburi na msikiti vilipakana, na kati yao kulikuwa na mlango mdogo wa ndani. Watu waliingia kwa lango moja tu, lile la Mama Viatu. Upande wa nyuma, chumba cha kaburi kilikuwa na kijimlango kinachoshuka ngazi hadi kwenye mawe ya pwani, lakini kilifungwa kwa kufuli na watu walishasahau kama kipo. Kitu kingine cha asubuhi ile: maji hayakuwapo. Pampu ilikuwa imeungua alfajiri, fundi akaing'oa na kuondoka nayo, na mabomba ya kutawadhia yalikuwa yanatoa hewa tu. Mama Viatu alikuwa ameshachoka kuwaeleza watu.

Inspekta alifika saa tano na dakika tano, maana kituo kiko jirani. Alikuwa mtu wa kuandika kila kitu na kutazama saa baada ya kila sentensi. Alivua buti zake mwenyewe bila kuambiwa, soksi ya kushoto ina tundu la kidole gumba, akapewa kibao. Mama Viatu alimpenda kidogo kwa hilo, kisha akajikumbusha huyu amekuja kumkamata nani.

Robo saa baadaye, saa tano na dakika ishirini, alifika msimamizi wa ziara kwa pikipiki. Mama Viatu ndiye aliyempigia simu. Watu walimwita Shekhe: alikuwa khatibu wa msikiti ule, na tena alikuwa kizazi cha saba cha walii mwenyewe, jambo ambalo hakuna mgeni aliyeondoka pale bila kuambiwa. Alikuwa anahema. Alivua makubadhi yake, akayakabidhi, akaingia haraka na mikono ya kanzu yake ya kijivu ikipepea migumu, ina mstari mweupe juu ya kiwiko. Mama Viatu aliona. Akayashika makubadhi, ngozi ya ndani ina unyevu na pembeni ina ukoko mweupe. Akayafuta kwa kitambaa, akayaweka rafu ya juu, jozi ya kumi na mbili kwa siku hiyo ukiacha za polisi. Hakulifikiria hata kidogo. Akili yake ilikuwa ndani, kwa mdogo wake.

Inspekta alifanya mahojiano kwenye chumba cha kuhifadhia mikeka. Mambo ya mwanzo yalijipanga upesi, tena vibaya. Kufuli la kabati halikuvunjwa. Lilifunguliwa kwa ufunguo. Funguo zilikuwa mbili. Mmoja uko shingoni mwa mfagizi, mwingine nyumbani kwa Shekhe, kwenye shada moja na ule wa kijimlango cha nyuma. Shekhe alisema shada lake liko kwenye droo ya meza, na kwamba hakutoka nyumbani tangu alfajiri mpaka alipopigiwa simu. Kijimlango cha nyuma kilikaguliwa, kikakutwa kimefungwa. Mfagizi naye alisema saa mbili na nusu alifuta kioo, akachungulia, msahafu ulikuwapo. Baada ya hapo alikuwa uani akifagia, hakusogea.

Kisha akaitwa Mama Viatu.

"Walioingia leo ni wangapi, mama?"

"Jozi kumi na moja, afande, kabla yenu na kabla ya Shekhe. Tisa ni wale waliokuja na basi moja, wakaingia saa tatu, wakatoka saa nne kasoro robo, wote kwa mpigo. Halafu mwanamume mmoja mwenye raba za bluu. Halafu mtaalamu."

"Wale tisa walibeba chochote?"

Akamwambia hapana, na kwamba wakati wanatoka yeye mwenyewe aliingia kuokota kanga ya mmoja wao aliyeisahau, akaona kitambaa kimetuna juu ya msahafu kama kawaida. Kilipolala juu ya marfaa tupu kilionekana tofauti kidogo, lakini lazima uwe na jicho. Kwa hiyo wizi ulifanyika kati ya saa nne kasoro robo na saa tano kasoro dakika kumi. Inspekta aliandika, akapigia mstari.

"Huyu wa raba za bluu?"

Hapo pakawa na matumaini ya dakika kumi. Mwanamume wa raba za bluu alikuwa ameingia saa nne unusu, akatoka, akaingia tena dakika tano baadaye, na alikuwa bado ameketi pembeni ya kaburi macho mekundu. Inspekta alimbana sana. Ikaja kujulikana mtoto wake amelazwa, anangoja upasuaji, na alitoka kwa sababu hospitali ilimpigia simu. Simu ilionyesha hivyo, dakika zote na namba. Mama Viatu aliona aibu kwa jinsi alivyokuwa anaomba awe ndiye.

Mtaalamu naye alikuja na begi kubwa kuliko yeye. Likafunguliwa: kamera, taa, nyaya, mkate. Na tangu afike saa nne na dakika arobaini hakuwahi kuwa peke yake ndani; alikuwa na yule wa raba za bluu, ambaye alisema mama yule mtaalamu alikuwa akifunga taa zake karibu na mlango wa msikiti, wala hakulisogelea kabati.

Akabaki mmoja.

"Mama," Inspekta akasema, sasa kwa upole, na upole ule ulimtisha kuliko ukali. "Wewe unakaa hapa langoni, ua uko nyuma ya ukuta huu. Ndugu yako anasema alifagia mfululizo. Ulisikia ufagio?"

"Nilisikia."

"Mfululizo?"

Hakuwa amesikia mfululizo. Kama saa nne na robo hivi ufagio ulinyamaza, na ukanyamaza muda wa kutosha mpaka akainua kichwa. Dakika kumi, labda zaidi. Mdogo wake alikuwa amemdanganya Inspekta, na yeye ndiye pekee aliyejua.

"Nilikuwa na kazi zangu, afande," akasema. "Sikuwa nahesabu."

Inspekta akamtazama kitambo, akatazama saa, akamruhusu aende. Askari wawili walikuwa wanapekua. Waliinua mikeka yote, wakamwaga mapipa ya taka, wakaingia vyooni, wakachokoa shimo la majivu, wakatoa viatu vyote kwenye rafu na kuvirudisha ovyo. Kwenye mfuko wa matambara wa mfagizi walipata pakiti ya sigara. Msahafu hawakuupata. Inspekta alisema mfagizi ameshautoa nje, kuna mwenzake, atasema tu kituoni. Na kwa kuwa ni mkosaji wa mara ya pili, na kitu chenyewe ni kitu hicho, miaka saba haitakuwa ajabu. Pingu zikafungwa. Walitaka kuondoka saa sita, kabla watu wa Adhuhuri hawajajaa.

Shekhe alisimama kando wakati pingu zinafungwa. Alisema maneno machache kuhusu subira. Kisha akasema kamati haikumsikiliza. Yeye tangu mwanzo hakutaka mtu wa namna hii karibu na kaburi la babu yake.

Mama Viatu aliomba dakika mbili na mdogo wake, akapewa. Walisimama kwenye kivuli cha lango, askari hatua tatu nyuma yao.

"Ufagio ulinyamaza," akamwambia kwa sauti ya chini. "Ulikuwa wapi?"

Mdogo wake aliangalia miguu. "Nyuma ya tangi. Nilikuwa navuta sigara."

"Na kwa nini umemwambia hukusogea?"

"Nilikuapia nimeacha, dada. Ulikuwa upande wa pili wa ukuta."

Ni jibu ambalo lingeweza kuwa kweli. Lingeweza pia kuwa uongo wa mtu aliyezoea kupekuliwa, pakiti ikiwa imeshaonekana. Alimtazama usoni kama mama anayetafuta homa, na hakupata kitu. Hilo ndilo lililomvunja nguvu. Siku zote alikuwa na uhakika kwamba angemjua tu akimwangalia, na hakumjua. Akarudi kwenye kigoda chake.

Watu wa mwanzo wa Adhuhuri walikuwa wameanza kufika. Mmoja wao, fundi cherehani mwenye mzaha mwingi, alivua viatu na kuuliza kama maji yamerudi. Mama Viatu akamwambia bado, fundi ameondoka na pampu.

"Basi nishuke baharini," fundi cherehani akasema. "Maji yote yale nayo yanatawadhisha. Ila nitarudi nimekauka chumvi kama papa."

Akacheka mwenyewe, akageuka kurudi nyumbani kwake kutawadha. Mama Viatu hakucheka. Alikuwa amegeuza shingo polepole kuangalia rafu ya juu. Akashusha makubadhi ya Shekhe, akapitisha kidole pembeni mwa ngozi, akakiweka ulimini. Kisha akasimama ghafla kiasi kwamba kigoda kilianguka.

Gari la polisi lilikuwa limeshawashwa. Alisimama mbele yake, makubadhi mkononi.

"Afande, nisamehe. Nina swali moja kwa Shekhe, na ningependa aulizwe hapa mbele yako. Ukiona ni upuuzi, nitatoka njiani."

Inspekta alitazama saa. Ilikuwa saa sita kasoro dakika tatu. "Moja tu," akasema.

Shekhe aliitwa. Alikuja ameikunja mikono kifuani.

"Shekhe, nyumbani kwako maji yapo?"

"Yapo. Tangi limejaa. Kwani unataka maji?"

"Na leo asubuhi hukutoka nyumbani mpaka nilipokupigia. Ukaja kwa pikipiki, kwa barabara, na mvua hatujaiona wiki tatu."

"Nimeshamwambia Inspekta hivyo."

"Basi kwa nini umetawadha kwa maji ya bahari?"

Dereva akazima injini bila kuambiwa.

Mama Viatu alimpa Inspekta makubadhi. Alieleza bila haraka. Ngozi ililowa, na ikaacha chumvi. Hilo peke yake ni mtu aliyepita kwenye mawe ya pwani, akakanyaga maji. Lakini atazame na mikono ya kanzu, ule mstari mweupe juu ya viwiko. Atazame ndevu, na kingo za kofia pale mkono wenye maji ulipopita kichwani. Mtu akipita ufukweni hulowa miguu. Viwiko na kichwa havilowi mpaka atake mwenyewe.

"Nilipita kupunga upepo," Shekhe akasema. "Nikataka kuswali Dhuha."

"Dakika moja iliyopita hukutoka nyumbani," Inspekta akasema, na kalamu ikatoka.

"Afande, mtu kuzuru kaburi hahitaji wudhu," Mama Viatu akaendelea. "Wale tisa wa basi hawakutawadha, maji hayakuwapo, wakaingia na kutoka. Wakati ule haukuwa wa swala ya jamaa. Nimejiuliza ni kitu gani ndani ya kile chumba hakiguswi bila wudhu. Kipo kimoja tu."

Inspekta alikunja uso. "Unataka kuniambia mwizi alisimama akatawadha kwanza?"

"Mwizi mwingine angeunyakua tu. Huyu hakuweza. Tangu utoto hajawahi kuugusa hivihivi. Wudhu wa nyumbani ukimtenguka njiani lazima atawadhe tena, na leo mabomba yalikuwa makavu. Maji yalikuwa yamekupwa, akaja kwa mawe, akatawadhia chini ya ngazi, akafungua kijimlango chake kwa ufunguo wake."

"Na kitabu kiko wapi? Amekipeleka nyumbani?"

Hili nalo alikuwa amelifikiria, dakika mbili tu zilizopita. Chumba kilikuwa tupu tangu wale tisa watoke mpaka saa nne unusu, na kufikia hapo maji yalikuwa yameshaanza kujaa, mawe yanateleza. Mtu wa kutawadha kabla ya kushika msahafu hawezi kuuhatarisha uanguke majini. Uko humuhumu. "Vijana wako wametafuta chini ya mikeka, chooni, kwenye mapipa, kwenye viatu vyangu. Afande, huyu hawezi kuuweka chini. Angeuweka juu, mahali safi, mahali ambapo mtu mwingine hapandi. Mimbari hupandwa na khatibu peke yake, Ijumaa kwa Ijumaa. Angepanda keshokutwa, akateremka nao ndani ya joho, na nani angemgusa?"

Waliingia msikitini. Mama Viatu alibaki kizingitini. Askari mmoja alisogeza pazia la mimbari, akapanda ngazi mbili, akainua shingo, akarudi chini.

"Upo," akasema. "Umefungwa kwa kilemba kipya. Lakini mimi sina wudhu, mkuu."

Inspekta alimtazama askari wa pili, naye akatikisa kichwa. Mtaalamu alianza kuvaa glavu zake, lakini Shekhe alikuwa ameshapita mbele yao. Alipanda taratibu, akauchukua kwa mikono miwili, akateremka nao kifuani. Machozi yalikuwa yanaingia kwenye ndevu zenye chumvi.

Hakuulizwa mara mbili. Alisema ni ukurasa wa mwisho. Baba yake alimwonyesha mara moja tu, akamfunga kwa kiapo. Mwandishi wa msahafu aliandika pale kwamba walii alikufa bila mke wala mtoto, na kwamba mtu wa kwanza kulitunza kaburi lake, akalifagia mpaka akafa, alikuwa mtumwa ambaye walii alimnunua na kumwacha huru. Ukoo wa Shekhe ulitokana na yule. Vizazi saba vimebusiwa mikono kwa nasaba isiyo yao. Mtaalamu angepiga picha ile, na kufika Ijumaa watoto wa shule wangekuwa wanaisoma.

"Kwa nini hukuchana ukurasa mmoja?" Inspekta akauliza. "Ungemaliza."

Shekhe alimtazama kama aliyetukanwa. "Nichane msahafu?"

Sasa Mama Viatu alizungumza kutoka pale kizingitini, na hakupandisha sauti.

"Ulitawadha ili uguse karatasi. Kisha ukasimama pale uani ukaangalia ndugu yangu anafungwa pingu, ukamhubiria subira. Babu yako alishika ufagio humu, Shekhe, kama yeye. Ungemwachia miaka saba?"

Shekhe alimkabidhi mtaalamu msahafu, akanyoosha mikono mbele, na ile mistari myeupe ikaonekana na kila mtu. Adhana iliadhiniwa na mtu mwingine siku hiyo.

Mdogo wake alifunguliwa saa sita na dakika ishirini. Inspekta alimwomba radhi, kwa kifupi na kwa heshima, akachukua buti zake na kurudisha kibao. Watu waliokuwa wakimkwepa asubuhi sasa walikuja kumpa mkono. Fundi cherehani alimkumbatia kabisa. Mfagizi aliitika kila mmoja vizuri, akatabasamu panapostahili, kisha akaja kukaa chini karibu na kigoda cha dada yake, akisugua vifundo vya mikono.

Swala ilikuwa inaendelea ndani.

"Dada," akasema, "pale langoni uliponiuliza. Ulikuwa unajua si mimi?"

Mama Viatu alitamani sana kusema ndiyo. Lilikuwa neno jepesi, na hakuna mtu duniani ambaye angeweza kumkatalia. Lakini asubuhi nzima ilikuwa imejaa uongo wa watu wazuri, na alikuwa amechoka.

"Sikujua," akasema. "Nilikuangalia nikashindwa kujua. Nisamehe, mdogo wangu. Hata wao hawakuwa na haki, lakini mimi..."

"Wao nimewazoea," akasema mdogo wake.

Hakusema kwa hasira. Aliinuka, akakung'uta suruali, akaenda kuuchukua ufagio wake pale askari walipoutupa, maana waliingia uani na mchanga mwingi. Mama Viatu alibaki na viatu vya watu, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka kumi na miwili, swala ilipokwisha alimpa mtu jozi isiyokuwa yake.